Utepe Mweupe Tumboni mwa Dagaa

Mpwa wangu, ukinunua dagaa wabichi wa Mwanza ukawachambua kwa mikono yako mwenyewe, iko siku utakutana naye. Utambana dagaa kichwani kwa kidole gumba na cha shahada, utavuta, na pamoja na ule uchafu mweusi mchungu tuliouzoea utatoka utepe mweupe, bapa, wenye kung'aa, mrefu kuliko dagaa mwenyewe, uliokuwa umejikunja humo ndani mara tatu au nne. Kama samaki ametoka majini alfajiri hiyo, utepe utajinyonganyonga kiganjani. Watu wengi hapo hupiga ukelele wakamwaga sufuria nzima. Mimi mjomba wako nimewapasua dagaa wa namna hiyo bila idadi, kwanza kwa ajili ya biashara ya bibi yako, baadaye kwa ujira. Na kwa kuwa wewe umekulia Dar es Salaam, ambako dagaa wa Kigoma ndiye mwenye heshima na wetu wa Mwanza anasemwa kwa mchanga na uchungu, acha nikusimulie tulivyoishi na mnyoo huyo, na balaa alilotuletea mwaka wa kwanza wa Rais Mwinyi.

Bibi yako aliuza dagaa mwaloni Kirumba. Siku hizi pale pana soko kubwa, na wafanyabiashara wanatoka hadi Kongo kuja kufunga magunia. Enzi zetu palikuwa mchanga, mawe, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, na wanawake waliofunga kanga kiunoni. Ukishuka kutoka barabarani, harufu ilikupokea kabla hujaliona ziwa: dagaa wanaokauka, mafuta ya taa yaliyolowa kwenye mbao za mitumbwi, moshi wa wakaanga samaki, na chini ya yote hayo harufu ya maji yaliyokaa na majani. Nguo zetu za shule zilinuka vivyo hivyo, na watoto wa nyumba za mlimani hawakupenda kukaa nasi dawati moja. Bibi yako alikuwa mwanamke mfupi, uso mpana, jino moja la mbele limemeguka, na macho yaliyolipima debe kabla mkono haujaligusa. Fungu lilikuwa shilingi tano, sarafu ile nzito yenye pembe kumi. Debe la dagaa wakavu halikuwa na bei moja, kwa sababu bei ilifuata mwezi. Mbalamwezi ikitanda wavuvi walilala, dagaa wakaadimika, debe likapanda hata shilingi mia mbili. Giza likirudi karabai ziliwashwa ziwa zima, na kufika mchana debe limeporomoka. Asiyekuwa na kalenda angejua mwezi umefika wapi kwa kumtazama bibi yako usoni.

Katika wale wabichi alikuwa na desturi ya kutenga dagaa walionona matumbo. Wanunuzi waliwapenda sana, wakiamini wamejaa mayai, na yeye aliwapanga fungu dogo kidogo kwa bei ile ile. Mwenyewe alijua fika mna nini humo. "Mteja akikuuliza, mwambie ana tumbo," aliniambia. "Hapo hujasema uongo." Wazee wa Kijita na Kikerewe waliokuwa wakivua pale walimjua mnyoo huyo tangu utotoni mwao, na hakuna aliyekuwa na habari naye. Walimng'oa wakamtupa, bata na kuku wakamgombania. Wengine hawakumng'oa kabisa.

Ila usidhani ziwa lilikuwa la dagaa tangu mwanzo. Nilipokuwa mdogo samaki wa maskini alikuwa furu. Vijisamaki vya miiba mingi, vya kila rangi ukivitazama vikiwa hai, na vyote vya kijivu vikishakauka. Tuliwavua kwa ndoano ya pini, wanawake wakawatunga kwenye vijiti wakawachoma, na mkungu mzima wa vijiti hivyo ulipatikana kwa senti. Wataalamu walihesabu zaidi ya aina 500 za furu katika ziwa hili, na upimaji uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa wao. Walikuwa wengi kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1970 pale Mwanza kilijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa kulishia kuku. Sangara alikuwa amekwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, lakini kwetu Ghuba ya Mwanza alikuwa samaki wa kusikia tu, mpaka kama mwaka 1983 hivi alipoanza kujaza nyavu. Miaka mitatu minne baadaye ungevuta wavu mahali pale pale tulipokuwa tukijaza furu kwa ndoo, ukatoa sangara na matope. Watu hawakumpenda mwanzoni. Walisema ana mafuta mno, anaoza upesi, na anakula maiti. Hilo la maiti likumbuke, nitalirudia.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka huo huo wa 1983, mwaka wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa walanguzi, ambao shangazi yangu aliupita kwa kufukia katoni ya sabuni uani na kupanda mchicha juu yake. Kazi hazikuwapo. Nilikaa mwaloni nikimbebea bibi yako madebe, hadi jamaa mmoja aliponiambia kule Nyegezi kwenye utafiti wa uvuvi wanatafuta kijana asiyechukia harufu ya samaki. Tangu mwaka 1977 walikuwapo Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden, kina Frans Witte na wenzake, wakiwahesabu furu pamoja na wataalamu wetu. Walikuja kusoma namna furu wengi vile wanavyoishi pamoja, wakajikuta wamekuwa mashahidi wa msiba wao. Mimi sikuwa shahidi wa lolote. Nilipewa meza, mkasi mdogo, kibano, rula na daftari la mistari, kwa shilingi thelathini kwa siku, na nikaambiwa nipasue dagaa.

Chumba kile kilinuka fomalini. Harufu hiyo, mpwa wangu, haifanani na ya mwaloni; hii inapanda moja kwa moja machoni, na jioni ugali unakuwa na ladha yake. Nilimlaza dagaa kwenye rula, nikaandika urefu, nikampasua kuanzia kwenye tundu la haja mpaka kooni, nikaandika dume au jike, mayai yapo au hayapo, na kama kuna utepe nikautoa, nikaunyoosha, nikauweka kwenye chupa. Haikunichukua muda kuona jambo ambalo bibi yako kwa miaka yote ya biashara hakuwahi kulitazama: dagaa mwenye utepe hakuwa na mayai. Awe mkubwa vipi, tumbo liwe limevimba vipi, mahali pa mayai palikuwa na uzi mwembamba tu usiokua. Wateja wetu wa Kirumba walikuwa wakilipia zaidi wale walio tasa.

Aliyenifafanulia alikuwa mtaalamu Mtanzania, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini na shati lililofungwa vifungo vyote hata jua likiwa utosini. Alisimama nyuma yangu siku moja nikiwa nimeunyoosha utepe mmoja mezani.

"Kijana, huyu mnyoo ni wa nani?"

"Wa dagaa, mzee."

"Dagaa ni nyumba ya kupanga. Mwenyewe ni ndege."

Akavuta kiti. Jina lake la kitaalamu, alisema, ni Ligula, na ni jamaa wa tegu. Anataga mayai akiwa ndani ya utumbo wa ndege mla samaki, mnandi kwa mfano, na mayai yanatoka na kinyesi. Yakianguka majini yanaangua kiumbe kinachoogelea, kisichoonekana bila darubini, ambacho kikipata bahati kinamezwa na kidudu cha maji, aina ile ndogo ambayo ndiyo chakula cha dagaa. Dagaa akila kidudu, tegu anatoboa utumbo wake na kuhamia kwenye uwazi wa tumbo. Humo hana mdomo wala utumbo; anafyonza chakula kwa ngozi yake nzima, anakua mwezi baada ya mwezi, anayazuia mayai ya mwenyeji yasikue ili shibe yote iwe yake. Na humo atakaa, amekwisha kuwa mkubwa lakini hazai, akingoja ndege ammeze dagaa. Kilichonishangaza ni hesabu ya mwisho. Tegu huyu aliyekaa miezi mingi ndani ya samaki, akishafika kwenye joto la tumbo la ndege anakomaa kwa siku mbili tatu, anataga siku chache, anakufa. Maisha yake yote ni foleni, na arusi yake haifiki juma.

Kuanzia hapo nikaanza kuyatazama yale mawe ya Mwanza kwa jicho jingine. Wewe unayajua kwa picha: mawe makubwa yaliyosimama majini, lile la Bismarck kwenye postikadi, na yale ya Saanane. Mawe wanaposhinda minandi yamepakwa chokaa ya kinyesi chao toka juu hadi chini, na mvua ya masika ikinyesha chokaa hiyo yote inateremka ziwani. Tuliyaona yakioshwa kila mwaka tukasema mji umetakata.

Nyegezi walitaka pia dagaa waliovuliwa usiku, kabla ya wachuuzi kuwachagua, kwa hiyo nikawa natumwa na wavuvi. Tajiri wa mtumbwi alikubali kwa sababu nilikuja na galoni ya mafuta ya taa, na mwaka ule galoni ilikuwa na thamani kuliko abiria. Nahodha alikuwa Mjita wa makamo, macho mekundu kwa miaka ya kutazama karabai, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Tulitoka giza likishashika. Karabai ziliwekwa juu ya vielea, zikaachwa zikiimba peke yake, na vidudu vya maji vilipanda kuufuata mwanga, na dagaa walipanda kuvifuata vidudu, hadi maji chini ya taa yakawa yanachemka kwa fedha. Wavu ukazungushwa pole pole bila mtu kukohoa. Nilimwuliza nahodha kuhusu utepe. Akatema ugoro, akasema wenye utepe hawahitaji karabai. Mchana kweupe, wakati dagaa wenzao wamezama chini kwenye giza, wao utawaona juu ya maji, mmoja mmoja, wanayumba. "Hao sisi tunawaita walevi," alisema. "Minandi na midiria hawana shida nao." Niliporudi nikamweleza mtu wa Bukoba. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema mnyoo hamwachi ndege ahangaike, anampelekea chakula mlangoni. Na kweli baadaye waliomsoma dagaa wa ghuba ile waliandika hivyo hivyo, kwamba dagaa wakubwa walioonekana juu ya maji mchana wengi wao walikuwa na Ligula. Nahodha hakuandika popote.

Sasa nije kwenye balaa lenyewe. Ilikuwa masika ya mwaka 1986, mvua ilikuwa haikatiki. Dagaa hukaushwa juani, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo fedha za wanawake zinaoza mchangani. Mnunuzi mmoja wa kutoka upande wa Shinyanga alikuwa amekusanya shehena yake, nusu wakavu nusu wabichi, akaifunika turubai usiku kucha akingoja lori. Asubuhi turubai lilipofunuliwa, matumbo ya samaki yalikuwa yamelainika na kupasuka, na tepe zilikuwa zimetoka na kulala juu ya rundo, nyingine bado zinatambaa. Palikuwa na watu wengi. Mwanamke mmoja wa mjini aliyekuja kununua fungu lake akaangusha kikapu. Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika stendi, na kabla ya adhuhuri imerudi kutoka stendi ikiwa nene zaidi.

Wapo waliosema ni sangara aliyeleta: anakula maiti, mnyoo wa maiti unahamia kwa dagaa. Wapo waliosema ni maiti za vita vya Kagera, askari wa Amin walioachwa mitoni mwaka 1979, na sasa ndiyo zimefika. Walionitia wasiwasi mimi ni wale waliosema ni wazungu wa Nyegezi, wana chupa zimejaa minyoo, wanazimwaga usiku. Chupa nilizijaza mimi. Kwa siku kadhaa nilikwenda kazini kwa njia ya nyuma ya milima. Kisha akaja bwana afya mmoja, kijana, kofia mpya, ofisi yake siitaji. Hakuuliza mtu. Aliamuru marundo yote yenye unyevu yamwagiwe mafuta ya taa na kufukiwa. Wanawake walisimama wakitazama mafuta waliyoyapangia foleni tangu usiku wa manane yakimwagwa juu ya dagaa waliovuliwa kwa mafuta mengine ya foleni. Bibi yako alipoteza pale mtaji wa msimu. Hakulia. Alimtazama yule kijana viatuni, akaniambia kwa sauti ambayo aliikusudia isikike, "Mtoto huyu mama yake amemlea kwa soseji."

Debe likashuka kutoka mia na hamsini hadi arobaini, kisha halikuwa na bei kwa sababu halikuwa na mnunuzi. Mtu wa Bukoba alikuja mwaloni kwa hiari yake, na shati lake la vifungo, akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kueleza habari yote: ndege, kidudu, dagaa, ndege. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza mzee mmoja akauliza kama hao minandi ni wa serikali. Mwingine akauliza swali lililokuwa mioyoni mwa wote, kwamba mtu akimla itakuwaje. Akajibu kwamba tegu huyu anahitaji ndege, mwili wa mtu si makao yake, na akishachemshwa ni nyama tu. Hapo bibi yako akabandika sufuria. Alipika dagaa wabichi pamoja na matumbo yao, nyanya mbili, kitunguu, akasonga ugali wa udaga, akala mbele ya kadamnasi huku akimkaribisha kila mtu kwa jina. Nilikula naye. Ladha ilikuwa ya dagaa. Watu wakasema huyu ni mfanyabiashara, lazima ale.

Nikwambie lililonikera wakati ule na linanikera mpaka leo. Wanawake wale wale waliokuwa wakiogopa utepe kiganjani walishinda wamesimama majini mpaka magotini, wakiosha dagaa na vyombo, watoto wao wakiogelea pembeni, na katika maji hayo hayo palikuwa na mnyoo mwingine, mdogo asiyeonekana, anayetoka kwenye konokono na kutoboa ngozi ya mtu. Kichocho. Mwanza palikuwa na wataalamu waliokichunguza tangu ukoloni, na watoto wenye matumbo makubwa na miguu myembamba walikuwa kila nyumba ya ufukweni, mmojawapo ndugu yangu niliyemfuata, ambaye mama yako atakuwa amekutajia. Hakuna bwana afya aliyekuja na kofia mpya kuwaondoa watu majini. Na wangekwenda wapi? Hata furu waliokwisha, wapo waliokuwa wakila konokono, wakiwavunja kwa meno yaliyoko kooni; Waholanzi waliwasoma hao hasa kwa kuwaza kama wangeweza kutusaidia dhidi ya kichocho. Sangara akawatangulia. Mnyoo wa dagaa alikuwa na kosa moja tu, alionekana.

Simaanishi kwamba kila mnyoo wa samaki ni wa kuchekea. Kwenye sato nimeona vifuko vya njano chini ya ngozi, na kwenye kambare minyoo mviringo iliyojikunja karibu na moyo. Hao nao ni wasafiri wa kwenda kwa korongo na mwari, lakini usile samaki mbichi wala aliyebabuka nje ndani hajaiva. Huko Thailand na Uchina wapo wanaokula samaki wa mtoni bila kupika, na wanapata minyoo ya ini inayokaa mwilini miaka mingi na mwisho wake huweza kuwa saratani. Sisi tumeokolewa na sufuria. Watu wa ziwa hili hawajawahi kuwa na subira ya kula kitu kibichi wakati moto upo.

Hofu ile haikuondolewa na elimu ya mtu wa Bukoba wala ugali wa bibi yako. Iliondolewa na mwisho wa mwezi. Nyama ya ng'ombe ilikuwa imepanda, sato alikuwa wa wenye mishahara, maharage ya Bukoba yalikwama njiani kwa matope, na watoto walikuwa wanakula ugali kwa mchicha siku ya ngapi sijui. Wakaanza kuja mmoja mmoja, jioni, wakinong'ona kana kwamba wananunua gongo: fungu moja tu, mama, unichagulie wasio na tumbo. Jua lilipokaza mwezi wa Juni na dagaa wakakauka mpaka wakalia wakimwagwa, utepe haukuonekana tena. Ukishakauka ni uzi mwembamba usiotofautiana na mfupa. Malori ya Shinyanga yakarudi. Lile neno la wenye mayai ndilo halikurudi. Bibi yako ilimbidi aachane na fungu lake la matumbo, na hasara hiyo aliitaja mara nyingi kuliko ile ya mtaji uliofukiwa.

Miaka iliyofuata ziwa lilibaki na mambo machache makubwa. Furu walikuwa wamekwenda, midiria waliokuwa wakiwala wakahamia kwa dagaa, na dagaa wenyewe, japo waliongezeka, walianza kuwa wafupi na kuzaa wakiwa wadogo. Rula yangu iliandika hayo kabla sijaelewa naandika nini. Viwanda vya minofu vikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990, sangara akapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa, vilivyokaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti za Rwanda kweli, watu wengi, wakati wa mauaji yale, na mwaka 1996 ikazama MV Bukoba karibu kabisa na mji. Nyakati zote hizo mbili watu waliacha samaki, na safari hizo sikumsikia bibi yako akifanya mzaha wala akibandika sufuria mbele ya mtu. Alifunga biashara, akakaa nyumbani mpaka wateja waliporudi wenyewe.

Halafu mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria. Sangara aliyekuwa akinunuliwa na mawakala mtumbwini, kabla hajagusa mchanga, ghafla akawa anatembezwa mitaani kwa baiskeli, mzima mzima, kwa bei ya mapanki. Bibi yako alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini pua ilikuwa bado. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia. Akaniuliza Wazungu wameona mnyoo gani safari hii.

Nikamwambia hakuna mnyoo, mama. Wanasema kuna wavuvi wanaovua kwa kumwaga sumu majini, dawa ya pamba, samaki wanaelea wanaokotwa.

Nilitegemea acheke. Akanyamaza kidogo, akataja mwalo mmoja ng'ambo ya ghuba, akasema tangu mwaka juzi hanunui kitu kinachotoka kule, kwa sababu aliona kwa macho yake minandi wamekufa ufukweni na hakuna aliyewapiga. Mchuuzi wa baiskeli alipopita akamwita. Alimshika sangara kwa kidole gumba, akafunua matamvua, akanusa, akamwuliza amevuliwa wapi na kwa kitu gani. Kijana akajibu kwa ndoano. Akamwambia amwonyeshe tundu la ndoano. Kijana akageuza geuza kichwa cha samaki, akatafuta mdomoni, akatafuta shavuni, na bibi yako akamrudishia samaki wake.